Hesabu ya Ijumaa Kwemhanya

Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2068, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kioo cha mashine ya miguso kilionyesha 912 na hakikubadilika tena.

Namba hiyo ilikuwa ya juzuu ya thelathini na nane, ya mwisho katika safu ya majarida ya bluu. Dokta Mwanjaa Singano aliiandika kwa kalamu katika daftari lake, chini ya namba thelathini na saba zilizoitangulia, kisha akavua glavu na kupasha vidole moto kwa pumzi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Chumba alichosimama ndani yake alikijua tangu akiwa na ishirini na mitatu: maktaba ya Kituo cha Utafiti wa Udongo cha Kwemhanya, juu katika milima ya Usambara, yenye meza sita za mninga na madirisha manane yanayotazama bondeni. Kituo chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka kumi na tisa iliyopita. Maktaba ilibaki wazi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuja kuifagia.

Fundi wa mashine, Lufunga Maganga, alikuwa Mnyamwezi wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyotetemeka hata kidogo. Aliinua mkono wa mashine kutoka kwenye ukurasa, akaufunika kwa kitambaa chake, akasogea kuchungulia daftari. Akazisoma namba kutoka juu hadi chini. 911. 912. 912. 910. 913. Akarudi juu na kuzisoma tena.

"Ninyi Wasambaa," alisema, "hata kusoma mnasoma kwa mstari, kama mnapanda maharage."

"Mnyamwezi angesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, halafu angeondoka na msafara," alijibu Mwanjaa, lakini macho hayakutoka kwenye daftari.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na utani huo ulikuwa umechakaa kwa kutumiwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Kulikuwa na kasoro katika namba zile na wote wawili waliiona.

Kidole cha binadamu huacha mafuta kila kinapogusa karatasi. Mafuta hayo huoza taratibu kwa mwendo unaojulikana, na mashine, kwa kuyamulika, huweza kusema ukurasa umeguswa mara ngapi, sehemu gani, na takribani mwaka gani. Baada ya kuvu nyekundu kuingia nchini katika miaka ya 2050, na baada ya nakala za kwenye kompyuta kujaa makala za uongo kiasi kwamba hakuna mahakama wala chuo kilichozikubali tena kama ushahidi, karatasi ya zamani ndiyo iliyobaki kuwa neno la kuaminika. Wakala wa Maandishi Safi ulichimba ghala kavu ndani ya mwamba, ukaliita Hazina. Nafasi ndani yake ilikuwa ndogo. Karatasi iliyokosa nafasi ilisagwa kisheria, kwa kuwa karatasi ya wazi huzaa kuvu, na kuvu ile ilikuwa imeshakula maktaba mbili nzima.

Kwa hiyo ilibidi kuchagua. Kamati za wasomi zilijaribu kwanza, zikachagua kile ambacho wasomi walipenda. Ndipo Wakala ulipokwenda kutafuta kipimo cha matumizi, na ukakipata katika tasnifu ya zamani iliyoandikwa na msichana wa maktaba huko Kwemhanya, mwaka 2026. Kipimo cha Kwemhanya kilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa hesabu za zamani za mezani, yaani vijistari ambavyo wakutubi waliandika kila walipookota jarida lililoachwa na msomaji. Nusu ya pili ilikuwa miguso ya mashine. Jarida lenye jumla kubwa liliingia Hazina.

Msichana yule alikuwa Mwanjaa.

Kwemhanya ilipewa mita mbili za rafu. Safu mbili zilishindania nafasi hiyo, na kila moja ilihitaji karibu nafasi yote. Ya bluu ilikuwa Jarida la Udongo wa Nchi za Joto, lililochapwa ng'ambo, juzuu nene zenye migongo ya kitambaa na herufi za dhahabu. Ya kijivu ilikuwa Taarifa za Mashamba ya Majaribio, vijitabu vyembamba vilivyochapwa kituoni penyewe, vikashonwa kwa uzi na kufungwa pamoja kwa mwaka. Katika hesabu ya 2026 bluu ilipata vijistari mia nne na kumi na viwili. Kijivu ilipata saba. Sasa mashine nayo ilikuwa imesema: bluu, miguso 912 kwa kila kurasa mia, kijivu, 140.

Kijivu kilikuwa na kurasa safi kabisa, na kilikuwa na kurasa nyingine zilizochakaa kwenye kingo hadi zikawa laini kama noti kuukuu. Ukurasa mmoja ulikuwa na miguso minne, wa jirani yake elfu mbili na mia tatu. Hivyo ndivyo watu wanavyosoma. Wanatafuta kitu, wanakipata, wanakirudia, na kilichobaki wanakiacha. Bluu ilikuwa sawasawa kutoka jalada hadi jalada, kwa juzuu zote, na kila mguso ulikuwa kwenye pembe ya juu ya ukurasa. Hapakuwa na alama hata moja ya kiganja pembezoni chini, mahali ambapo msomaji hupumzisha mkono.

Lufunga alisema waandike namba na kufunga masanduku. Alisema kazi yao kwa Wakala ni kupima, nao wamepima, na hakuna kanuni inayodai miguso ikae pembe fulani.

"Tena, Dokta," aliongeza kwa sauti ya chini, "vituo vitatu tumevifunga kwa kipimo hikihiki. Ya kule yameshasagwa. Ukianza kuchokonoa hapa, unachokonoa na kule."

Mwanjaa alimwambia hilo ndilo alilokuwa akiliwaza.

*

Daftari la hesabu ya 2026 lilikuwa bado kwenye droo ya meza ya mkutubi. Alilitoa, akakaa karibu na dirisha.

Mwandiko ulikuwa wake, wenye herufi za duara na majivuno. Aliukumbuka ubao wa tangazo alioutengeneza mwenyewe kwa rangi ya mafuta: TAFADHALI USIRUDISHE JARIDA RAFUNI, LIACHE MEZANI. Aliikumbuka kengele ya chai ya saa nne, viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, harufu ya makoti ya mvua yaliyoning'inizwa mlangoni. Mabwana shamba walikuwa wakivua buti nje na kuingia kwa soksi, watu wazima wenye tope hadi magotini, wakinyata kama wageni kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Wakati ule chumba kizima kilinukia majani ya mkaratusi. Mkutubi, Mzee Yeremia Shemzigwa, aliyaweka makavu katikati ya kurasa kuzuia kuvu, ile ya zamani, nyeupe, isiyo na madhara makubwa.

Hakuwa na haja ya kumbukumbu hizo. Alichohitaji kilikuwa safu ya tarehe. Kwa muda wa nusu saa alipitia vijistari vya bluu kimoja kimoja na kuandika siku ya juma kando ya kila tarehe. Alipomaliza, vijistari mia nne na vinane kati ya mia nne na kumi na viwili vilikuwa vya Ijumaa.

Hata wakati ule aliliona jambo hilo. Katika tasnifu aliliandikia sentensi moja iliyokuja kunukuliwa mara nyingi: Ijumaa ndiyo siku ya kusoma, kwa kuwa watafiti hurudi kutoka mashambani kuandika ripoti za juma. Ilikuwa sentensi safi. Hakumuuliza mtafiti hata mmoja.

Ijumaa asubuhi yeye hakuwapo maktaba. Gari la kituo lilimpeleka mjini Lushoto kuchukua posta, na alirudi saa sita. Alipoingia alikuta bluu mezani, siku nyingine juzuu kumi na nne, siku nyingine kumi na nane, na Mzee Shemzigwa akiwa amesimama kando, mikono nyuma, akimngoja amalize kuhesabu.

*

Eliwaza Shemzigwa, binti wa mkutubi, aliishi katika nyumba ya tatu kwenye mstari wa nyumba za kituo. Alikuwa na miaka sabini na miwili, muuguzi mstaafu, na ndiye aliyeifagia maktaba kwa miaka kumi na tisa bila kuajiriwa na mtu. Alimkaribisha Mwanjaa jikoni, akamkatia kipande cha boga la moto, na akataka kujua kama bluu imeshinda. Aliuliza hivyo hivyo, imeshinda, kama mtu anayeulizia mechi.

Mwanjaa alisema bado kuna jambo moja la kuthibitisha. Aliuliza baba yake alikuwa akifanya nini Ijumaa asubuhi.

"Alianika," Eliwaza alisema. "Hujui? Alikuwa anaanika majarida yake ya bluu. Anayatoa yote, anayasimamisha mezani, kila moja amelifungua sehemu tatu, na madirisha yote wazi. Wiki hii sehemu hizi, wiki ijayo nyingine, mpaka kila karatasi ipate hewa. Halafu kuanzia saa tano anaanza kuyarudisha. Tangu mwaka tisini na nane alivyoajiriwa, mpaka siku anastaafu."

"Mwaka 2029."

"Huo huo. Ijumaa Kuu hakwenda, na zile wiki mbili za Krismasi. Nyingine zote alikwenda, hata akiwa na homa. Mama alikuwa akisema ana mke mdogo kule."

Mwanjaa aliuliza kuhusu kijivu. Eliwaza alisema kijivu hakuianika hata siku moja. Mabwana shamba walikuwa wakiifungua kila siku, ikipata hewa yake huko huko. Walikuja, wakasoma wima karibu na rafu, wakairudisha mahali pake. Kulikuwa na tangazo la kuacha mezani, lakini nani angemwachia mzee kazi ya kuokota vitu vyake? Wale walikuwa watu waliolelewa.

Mwanjaa aliweka boga chini. Akafungua daftari juu ya goti na kuandika. Miaka thelathini na mmoja. Ijumaa arobaini na tisa kwa mwaka. Mara tatu. Juzuu moja ilikuwa na kurasa mia tano, kwa hiyo aligawa kwa tano apate idadi ya kila kurasa mia. Jibu lilikuja 911 na nukta nne.

Aliipigia namba hiyo mstari. Kisha akauliza kwa nini mzee hakumwambia kwamba vile anavyovihesabu ni vitu vilivyoanikwa.

Eliwaza alicheka kidogo, kwa wema. Alisema baba alidhani Mwanjaa anakagua kama kuna kilichopotea. Alirudi nyumbani siku hizo akiwa na furaha, akisimulia kwamba wamemletea binti wa Singano, kila akitoka posta, kabla hata ya kula, anakuja kuhesabu majarida. Tena amesema yasirudishwe kabla hajayahesabu, kwa hiyo akiingia tu, yeye anaacha kurudisha. Alisema ofisi nzima ni watu wawili tu wanaoyajali.

Hapo Mwanjaa alieleza yote. Alieleza kwa utaratibu, bila kupamba wala kulainisha: vijistari vyake vilihesabu juzuu ambazo hazijasomwa, na havikuhesabu zilizosomwa, kwa sababu wasomaji wa kweli walizirudisha wenyewe. Mashine nayo ilirudia kosa lile lile, kwa kuwa ilihesabu vidole vya mtu mmoja. Mashine huweza kutenganisha mtu na mtu, lakini tabaka hilo la kumbukumbu limefungwa tangu Sheria ya Miguso ya 2059, baada ya mwajiri mmoja kutumia kurasa kuwatambua wafanyakazi waliokuwa wakisoma kuhusu sumu ya mgodi wake, na watu kumi na mmoja kufukuzwa kazi. Kumfungua mtu kunahitaji idhini yake, au ya mtoto wake ikiwa amefariki, pamoja na kitu alichokishika yeye peke yake. Idhini ikipatikana, mashine humtoa mtu huyo katika hesabu. Wanaobaki hawatajwi.

Eliwaza alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa kisu kwa kitambaa ingawa kilikuwa kikavu.

"Kwa hiyo unataka nikupe wembe wa baba, alioushika yeye peke yake, ili upate kusema majarida yake hayakusomwa na mtu."

"Ndiyo, dada."

"Na nisipokupa?"

"Bluu inaingia Hazina na kijivu kinasagwa. Namba ya mashine inatosha. Mimi siwezi kuandika dhana kwenye fomu."

"Basi ungeninyamazia. Ungekula boga lako ukaondoka."

"Ningeweza," Mwanjaa alisema.

Eliwaza aliinuka, akaenda kusimama mlangoni akitazama nje. Alisema kwamba kuanzia akiwa na miaka miwili hakuwahi kuwa na baba siku ya Ijumaa. Siku ya mahafali yake ya uuguzi, iliyokuwa Ijumaa, baba alifika saa tisa, watu wakikunja viti. Hakuwahi kumlaumu. Alijiambia kuna watu wakubwa, wataalamu, wanaoyasoma yale majarida, na mzee ndiye anayewatunzia. Ndiyo maana yeye mwenyewe alifagia kule miaka yote hiyo.

"Nenda, Mwanjaa," alisema bila kugeuka. "Usije leo tena."

*

Jumatano Lufunga alikaa kwenye ngazi za maktaba akisafisha lenzi ambazo zilikuwa safi. Mwanjaa alishinda mezani akiandika barua na kuichana. Alikuwa na hoja ya kunyamaza, na hakuidharau. Kipimo kile kilikuwa kimeokoa maktaba nyingi kutoka mikononi mwa kamati. Kikianguka, kamati zingerudi na mapenzi yao. Kosa la kituo kimoja chenye ukungu, lililofanywa na mkutubi mmoja mwenye bidii, lingetajwa kila mahali na watu ambao hawakuwahi kupenda kupimwa.

Upande wa pili ulikuwa mfupi. Vituo viwili kati ya vile vitatu vilikuwa milimani. Milimani kuna ukungu, na kwenye ukungu lazima mtu aanike. Alipokuwa huko hakuuliza.

Lufunga, alipoingia kuchukua maji, alimwambia kwamba yeye ndiye aliyelisha mtambo wa kusagia kule. Alikumbuka vijitabu vyembamba vya njano kutoka kituo cha pili, vyenye kingo laini. Wakati ule alivishika akashangaa, halafu akavitupia ndani kwa kuwa namba ilisema hivyo.

"Sikukwambia," alisema.

"Nisingekusikiliza," Mwanjaa alijibu.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi Eliwaza aliingia maktaba akiwa amevaa kitenge kilichopigwa pasi na viatu vya kazini. Hakuwasalimia mpaka alipofika mezani. Akaweka juu ya meza wembe wa kunyolea wa zamani, wenye mpini wa pembe, ukiwa umefungwa ndani ya leso, na fomu ya idhini iliyokwisha kutiwa saini.

"Nimefikiri," alisema. "Baba alitunza tu. Hakuna siku alisema yamesomwa. Wewe ndiye uliyesema."

"Ni kweli."

"Basi sahihisha ya kwako. Ya kwake haina kosa. Ila nakaa hapa hapa mpaka mwisho, na chochote mtakachokiona kuhusu yeye nakisikia mimi kwanza."

Lufunga alimvutia kiti.

Mashine ilichukua dakika ishirini kuusoma mpini. Kisha ikaanza kupitia kumbukumbu za juzuu za bluu na kumtoa Mzee Shemzigwa, juzuu moja baada ya nyingine. Kioo kilikuwa kinateremka kwa kuruka: 912, kisha namba ndogo, kisha kinasimama. Juzuu ya kwanza ilisimama kwenye tatu. Ya pili kwenye sifuri. Ya tano kwenye nane, labda mgeni aliyefungua kutazama picha. Saa nne na dakika hamsini safu nzima ilikuwa imekwisha. Wastani wa bluu ulikuwa miguso mitatu kwa kila kurasa mia, kwa miaka yote.

Eliwaza alikuwa ameweka mikono mapajani. Aliuliza kama katika hiyo yote kuna mahali baba alikaa akasoma. Lufunga alitafuta alama za kiganja, akatafuta mara ya pili bila kuambiwa, akasema hakuna.

Kijivu ndicho kilichofuata. Wastani wake ulishuka kutoka 140 hadi 139. Mzee alikuwamo katika juzuu moja tu, ya kumi na nne, ukurasa wa 31 hadi wa 39. Humo alama zilikuwa tofauti. Kiganja kizima kilikuwa kimelala pembezoni, mara nyingi, kwa miaka isiyopungua ishirini. Mwanjaa alimweleza Eliwaza hilo kwanza, kama walivyokubaliana, kisha akafungua juzuu na kumsomea kichwa cha makala: majaribio ya kutia chokaa katika udongo mchungu, wenye asidi, wa mteremko wa Kwemkole, misimu minne. Kulikuwa na majedwali na jina la shamba.

Eliwaza alisema Kwemkole ndiko alikozaliwa baba yake. Mashamba yao yaliacha kuzaa, wakahama baba akiwa na miaka tisa.

Akaomba kuushika ukurasa. Kanuni hairuhusu mikono mitupu. Lufunga alimpa glavu, akamsaidia kuzivaa kidole kwa kidole, na yeye akakaa na juzuu ile mapajani bila kusoma, kwa takribani dakika kumi. Mashine haisemi mtu alisoma kwa nini. Mwanjaa aliandika: juzuu ya 14, kurasa tisa, msomaji mmoja aliyetambuliwa kwa idhini.

*

Barua aliyoituma Makao Makuu saa sita na robo ilikuwa na aya nne. Ya kwanza ilitoa namba mpya na kupendekeza kijivu kiingie Hazina. Ya pili ilieleza kwamba hesabu ya mezani ya 2026, iliyofanywa na yeye mwenyewe, ilihesabu uanikaji kama usomaji, na kwamba adabu ya wasomaji iliondoa usomaji wa kweli katika hesabu. Ya tatu ilivitaja vituo vitatu kwa majina na tarehe za kusaga. Kwa viwili vya milimani aliandika: uwezekano mkubwa kwamba kilichosagwa ndicho kilichokuwa kikisomwa, hakiwezi kurudishwa. Ya nne iliomba Kipimo cha Kwemhanya kisitumike tena kabla ya kila kituo kuulizwa namna kilivyotunza majarida yake, na jina lake liondolewe kwenye mwongozo.

Kabla ya kuituma alimpa Lufunga asome, kwa kuwa aya ya tatu ilimgusa naye. Lufunga aliisoma polepole. Alipomaliza aliomba liongezwe jina lake kama fundi aliyehusika, akaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa.

Jibu lilifika saa nane na dakika arobaini. Namba za Kwemhanya zimekubaliwa. Kijivu kifungwe. Bluu isagwe leo, kama sheria inavyotaka. Kipimo kimesimamishwa nchi nzima. Dokta Singano afike Makao Makuu Jumatatu kutoa maelezo.

Eliwaza hakuwa ameondoka. Alikuwa amekwenda nyumbani mara moja tu, akarudi na birika la chai ya tangawizi na vikombe vitatu, akamimina bila kuuliza nani anataka. Mwanjaa alimsomea jibu lote. Eliwaza aliuliza Jumatatu watamfanya nini, na Mwanjaa alisema hajui; pengine atastaafishwa, pengine watamwambia atafute kipimo kingine.

"Hukuoa, hukuzaa, ulikuwa na hicho tu," Eliwaza alisema, kwa ule ukali wa wauguzi unaofanana na huruma. "Umekiua mwenyewe."

"Mwanamke haoi, dada."

"Unajua ninachosema."

Wakanywa chai. Mwanjaa alisema kwamba wakati ule, katika mwaka wa ishirini na sita, aliamini mzee hampendi, kwa jinsi alivyokuwa akisimama kimya mikono nyuma. Eliwaza alisema vile ndivyo alivyokuwa akisimama kanisani.

Kijivu kilifungwa katika masanduku kumi na moja yaliyotolewa hewa, yakapigwa lakiri. Lufunga aliyapakia kwenye gari la Wakala saa kumi kasoro dakika tano. Baada ya hapo aliuwasha mtambo wa kusagia uliokuwa nyuma ya gari la pili. Sheria inataka shahidi mmoja, mwenyeji wa mahali, awepo na atie saini. Katika vituo vingine walikuwa wakimwita mlinzi, au mtu yeyote aliyekuwa akipita. Mwanjaa alianza kutazama huku na huku kuelekea nyumba za kituo, na Eliwaza akamwambia asihangaike.

Juzuu za bluu ziliingia moja moja. Lufunga alitaka kuzitupia, Eliwaza akamzuia kwa mkono. Akazichukua yeye kutoka kwa Mwanjaa, kuanzia ya kwanza, kwa mpangilio wa rafu, akampa fundi, na fundi akaziingiza. Kazi ilichukua dakika hamsini.

Saa kumi na moja na dakika nane jioni, mzani wa mtambo ulionyesha kilo sitini na nne. Lufunga aliisoma namba hiyo kwa sauti. Eliwaza Shemzigwa aliitazama mwenyewe, akahakikisha, akatia saini mahali pa shahidi. Mwanjaa alitia yake chini.